Maoni ya Fundi Machumu Juu ya "Moyo wa Bomba"

Ilikuwako, na huenda ipo bado ila hatuna kibali cha kuthibitisha, nchi moja yenye jina refu kiasi kwamba ukianza kulitaja asubuhi, hufiki mwisho kabla waziri mmoja au wawili hawajabadilishwa. Kwa hiyo wenyeji waliiita Nchi tu. Mgeni akiuliza Nchi ipi, walimjibu, "Hii uliyosimama juu yake, na tafadhali usiikanyage sana."

Nchi hiyo iliipenda fasihi kuliko nchi zote duniani. Hilo si neno letu. Liliandikwa kwa rangi ya bluu juu ya lango la Wizara ya Fasihi na Umwagiliaji. Wizara hizo mbili ziliunganishwa mwaka wa mageuzi, baada ya tume kugundua kwamba zote mbili hushughulika na vitu vinavyotiririka. Na ili fasihi isikauke, ikapitishwa sheria: mtumishi mwandamizi asipande cheo mpaka atoe riwaya.

Mwaka uliofuata zilitoka riwaya mia tatu na kumi na mbili. Mkurugenzi wa Barabara alitoa ya kurasa mia nne, ambayo shujaa wake anasafiri toka mpaka hadi mpaka bila gari lake kuingia shimo hata moja. Maktaba iliiweka kwenye rafu ya hadithi za majini. Kamishna wa Magereza alitoa riwaya ya mapenzi ambamo kila barua ya mpenzi huanza kwa namba ya kumbukumbu na kumalizika kwa nakala kwa mkuu wa kituo. Mkurugenzi wa Majengo alitoa riwaya isiyo na sura ya mwisho. Alieleza katika utangulizi kwamba sura hiyo itajengwa awamu ya pili.

Kila riwaya ilihitaji maoni ya wasomaji, na kwa kazi hiyo palikuwa na Idara ya Maoni. Idara ilikuwa na desturi yake, na wenyeji waliizoea hivi kwamba hakuna aliyeishangaa: maoni yalitolewa kabla ya kusoma. Sababu ilikuwa ya kitaalamu. Ilithibitika kwamba mtu akisoma kitabu kwanza, kitabu humwathiri, na maoni yake hayawi tena huru. Basi kila raia mzima alipelekewa Fomu M-7 kwa riwaya zilizomwangukia kwa kura, nayo ilisema hivi: "Mimi fulani nimesoma/nitasoma/ningesoma (futa yasiyohusika) riwaya hii na nimeguswa sana/sana mno/hadi machozi." Aliyechagua machozi aliambatanisha leso, na leso ilipigwa muhuri na mganga wa wilaya baada ya kuionja chumvi.

Watu walijaza, wakarudisha, maisha yakaendelea.

*

Nyuma ya jengo la Wizara, kwenye kibanda cha mabati chenye dirisha moja, alikuwapo fundi wa taipureta aitwaye Machumu. Serikali ya Nchi ilitumia taipureta kwa hiari yake. Iliwahi kununua kompyuta, ikazirudisha: zilikuwa kimya mno, na mkubwa akipita ukumbini hakuweza kujua kama watu wanafanya kazi au wanafikiri.

Machumu aliishia darasa la tatu. Kusoma alijifundisha mwenyewe, polepole, kwa sababu kila taipureta iliyoletwa kwake ilikuja na kurasa mbili tatu za riwaya ya mkubwa fulani, ili ajaribie herufi. Alizisoma. Halafu kwa kuwa hakupenda kuacha kitu katikati, alikitafuta kitabu chenyewe akakimaliza. Halafu kwa kuwa hakujiamini, alikisoma mara ya pili. Baada ya hapo ndipo alipochukua penseli na kuandika neno katika daftari lake, kwa herufi ndogo, kama mtu anayeogopa kuwaamsha wenziwe.

"Riwaya ya Mkurugenzi wa Barabara," aliandika. "Nimesoma mara mbili. Ukurasa wa 30 nimeshuka garini, nalo likaendelea bila mimi. Huenda kosa ni langu."

"Riwaya ya Kamishna wa Magereza. Wanapendana kwa amri. Ukurasa wa 112 msichana anacheka. Nimerudi nyuma kutafuta kinachomchekesha, sikukiona. Huenda kosa ni langu. Nitajaribu tena masika."

Fomu M-7 zilimfikia kama wengine. Kila mara alizirudisha bila kufuta chochote wala kutia alama popote, ila chini kabisa aliandika: "Samahani, bado sijamaliza kusoma." Na alipokuwa amemaliza, muda wa fomu ulikuwa umepita. Kwa namna hiyo alipitisha fomu themanini na tatu bila kusifu chochote, na bila kukusudia ubaya.

Siku moja Zamoyoni alimletea taipureta ambayo utepe wake ulikuwa unajikunja. Zamoyoni alikuwa mchapaji wa Wizara kwa miaka kumi na saba. Riwaya arobaini na moja za wakubwa zilipita vidoleni mwake, na leso elfu sita aliziorodhesha yeye.

"Hizi hapa za kujaribia," akasema, akaweka mezani kurasa sitini na moja.

"Nyingi hizi, dada."

"Utepe wenyewe mkorofi."

Kurasa hizo hazikuwa na jina la mkubwa. Zilisimulia juu ya Mwajabu, mwanamke anayelinda foleni ya ndoo kwenye bomba la mtaani. Maji yaliacha kutoka miaka kumi na mmoja iliyopita, lakini foleni haikuvunjika. Watu walirithishana nafasi, wakaoana kulingana na nafasi, na mtu akifa ndoo yake ilisogezwa mbele kwa heshima. Machumu alianza kusoma ameketi. Alipofika ukurasa wa sitini na moja alijikuta amesimama mlangoni, na bisibisi mkononi, wala hakukumbuka alisimama saa ngapi.

Kesho yake Zamoyoni alifika mapema.

"Imepona?"

"Imepona."

Hakuichukua. Akaupapasa utepe kana kwamba ndio kwanza auone. "Na zile kurasa... umezionaje?"

Machumu akafikiri sana. "Zilizobaki ziko wapi?"

"Nimekuuliza umezionaje, Fundi."

"Nusu ya mtu siwezi kuisema, dada. Niletee zote, ziwe mia, ziwe mia mbili. Nikimaliza nitakuambia."

Zamoyoni alicheka, ila si kicheko cha kufurahi. "Miaka kumi na saba nachapa 'nimeguswa hadi machozi'. Nimeandika cha kwangu, nikasema nimpe mtu mmoja tu hapa duniani ambaye hajawahi kuguswa. Naye ananiambia nusu ya mtu!"

"Zote, dada."

"Mia na ishirini. Kesho nakuletea."

Hakuleta. Kesho hiyo maofisa watatu wa Idara walipekua droo yake, wakachukua kurasa hamsini na tisa zilizobaki na mbili za jalada, kisha wakaja kibandani wakachukua na zile sitini na moja. Kosa lilikuwa wazi: mwandishi hakuwa na cheo. Hati ya kukamata ilieleza kwa upole kwamba msomaji wa kitabu cha namna hiyo hatajua asome ameketi, amesimama, au amepiga saluti.

*

Wakati huo huo Nchi iliingia katika balaa la sifa.

Kila riwaya ilikuwa kazi bora ya karne. Wakubwa walipoona wote wako sawa, wakaanza kuomba karne mbili. Waziri wa Uvuvi na Heshima alipata cheti kinachosema kwamba riwaya yake ni bora kuliko zote za karne zijazo, pamoja na zile ambazo waandishi wake hawajazaliwa. Jambo hilo lisingemuumiza mtu, isipokuwa Mkuu wa Nchi alitangaza kuwa atamteua mwandishi aliye bora kuliko wote kuwa Makamu wake. Kamati ikakaa siku arobaini. Ikaleta taarifa kwamba washindi wa kwanza ni mia tatu na kumi na wawili, na wa pili hayupo.

Mkuu wa Nchi akaisoma taarifa, akavua miwani. "Nileteeni mtu asiyewahi kusifu kitu," akasema. "Atakachosifu huyo, ndicho."

Wakatafuta Nchi nzima. Kulikuwa na watu wazima milioni tisa, na wote walishaguswa. Kwenye kabati la mwisho, chini ya leso, wakakuta fomu themanini na tatu zilizoandikwa kwa penseli.

Gari jeusi lenye bendera liliposimama mbele ya kibanda, wa kwanza kuliona alikuwa Mama Chausiku, auzaye maandazi kando ya mlango wa Machumu.

"Wee Machumu! Umeua nani?"

"Sijaua, Mama Chausiku."

"Basi umekufa wewe. Gari hili halijii watu wazima."

Aliyeshuka alikuwa Bwana Senyagwa, Mkurugenzi wa Maoni, mtu mnene mwenye sauti laini, ambaye kila akimaliza sentensi aliipigia makofi mawili madogo.

"Bwana Fundi," akasema, "taifa linahitaji maoni yako ya kweli." Akapiga makofi.

"Juu ya nini, Bwana Mkurugenzi?"

"Juu ya ubora wa 'Moyo wa Bomba', riwaya ya Mheshimiwa Waziri wetu, Dakta Mhandisi Balozi Kapangala."

"Nitaisoma."

Bwana Senyagwa akarudi nyuma hatua moja. "Kuisoma?"

"Ndiyo."

"Yote? Ina kurasa mia saba na kumi na mbili!" Akamtazama dereva wake, dereva akatazama pembeni. "Sheria haikatazi," akasema baada ya kufikiri, "ila haijawahi kutokea. Mheshimiwa mwenyewe anaiheshimu mno hata hajathubutu kuifungua."

"Nipeni siku tisa. Na nina swali. Kurasa za yule mchapaji, Zamoyoni, ziko wapi?"

Bwana Senyagwa akatabasamu kama mtu aliyetafuta ufunguo mfukoni, kumbe mlango wenyewe uko wazi. "Ziko ghalani. Nakala ni hiyo moja tu. Sasa sikia, ndugu yangu. Ukisimama ukumbini ukaisifu riwaya ya Mheshimiwa, ile ya mchapaji inatoka, inachapwa, inauzwa. Usipoisifu, Jumatatu inakwenda kiwandani kusagwa iwe trei za mayai. Mimi sikulazimishi. Nakupa tu habari za mayai." Akapiga makofi mawili, akaingia garini.

"Sifu!" Mama Chausiku akasema kabla vumbi halijatulia. "Machumu, mimi mume wangu namsifia mapishi yake mwaka wa ishirini huu. Nimekufa? Sijafa. Nimenenepa."

*

Machumu aliisoma "Moyo wa Bomba" kwa siku tisa, saa za mchana, akiwa amefunga nusu ya mlango.

Riwaya ilikuwa juu ya Waziri mmoja mrefu, mtanashati, anayechimba mfereji kwa mikono yake huku akitoa hotuba. Wanawake saba walimpenda, nao walikubaliana kumpenda kwa zamu kulingana na muda wao kazini. Sura nzima ya kumi na nne ilikuwa orodha ya vipenyo vya mabomba. Maadui walikufa kwa aibu, mmoja mmoja, kila walipomwona Waziri amevua koti. Machumu hakuharakisha. Kila ukurasa aliupa nafasi ya kujitetea. Ukurasa wa mia mbili aliandika, "Huenda kosa ni langu." Ukurasa wa mia tatu na hamsini aliandika, "Sidhani."

Siku ya sita akafika ukurasa wa mia tatu themanini na nane.

Hapo Waziri hakuwapo. Mfereji haukuwapo. Palikuwa na chumba, na mwanamke mwenye kikombe kimoja cha maji. Kitandani mama yake amekufa alfajiri, hajaoshwa. Sakafuni mtoto wake ana kiu. Mwanamke anachovya pindo la kanga katika kikombe, anampangusa mama yake uso, taratibu, nyuma ya masikio, kama mama alivyokuwa akimpangusa yeye siku za shule. Kisha anampa mtoto kikombe. Mtoto anakipokea, anakishika kwa mikono miwili, hanywi. Anauliza, "Bibi ameshakunywa?"

Kurasa mbili. Ukurasa wa mia tatu na tisini Waziri alirudi, akavua koti.

Machumu akalala chali sakafuni kwa muda. Sauti ile ilimjia kama kikohozi cha mtu unayemfahamu, kinachosikika nyuma ya ukuta. Lakini alikuwa mgumu wa kuhukumu kwa kikohozi. Akaamka akamaliza kitabu chote, pamoja na faharasa ya vali.

Siku ya tisa Zamoyoni alipita kibandani, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Nimesikia habari za mayai," akasema.

"Ndiyo."

"Msifu tu, Fundi. Ni maneno mangapi? Mimi nimechapa machozi ya watu elfu sita na hakuna hata mmoja aliyedhurika."

"Kitabu chako kitatoka."

"Kitatoka." Akakwaruza kutu ya bati kwa ukucha. "Halafu utakisoma mpaka mwisho, utaniambia umeonaje. Utasema kizuri. Na mimi nitakaa nikijiuliza: hiki ni kizuri cha kwangu, au ni kizuri kile alichompa Waziri?"

Machumu akalifunga daftari lake.

"Nisamehe," akasema Zamoyoni. "Mtu anayezama hachagui kamba. Msifu." Akaondoka upesi, kama mtu aliyesahau chungu jikoni.

*

Ukumbi wa Wizara ulijaa tangu saa tatu asubuhi. Mkuu wa Nchi aliketi katikati, mawaziri kulia, leso kushoto. Jukwaani, kwenye meza ndogo, Zamoyoni alichapa kila neno lililosemwa, kwa ajili ya kumbukumbu za taifa.

Mheshimiwa Kapangala alitoa hotuba fupi ya saa mbili. "Mimi sijioni kuwa mwandishi," alisema. "Najiona kuwa mto. Ninyi ni mashamba. Kalamu yangu ni lango, nami nikiifungua hata mchanga huota mahindi! Na kama kuna mtu humu ndani ambaye hajaota, basi atajiona mwenyewe na mbegu zake." Makofi. Taipureta ikaandika: makofi.

Kisha Machumu akaitwa. Alisimama na daftari lake, amevaa shati la ufundi lililopigwa pasi. Alisema kwa sauti ndogo, na ukumbi mzima ukainama mbele ili umsikie.

"Nimeisoma riwaya hii mara moja. Naomba radhi, siku zilikuwa chache."

Kishindo cha minong'ono kikapita. *Ameisoma.* Mama mmoja katika safu ya mawaziri akajifunika mdomo.

"Ina kurasa mia saba na kumi na mbili. Katika mia saba na kumi, nilimtafuta mtu mmoja aliye hai, sikumpata. Nimejaribu kudhani kosa ni langu. Nimejaribu kwa siku tisa."

Bwana Senyagwa akaanza kupiga makofi kwa mazoea, mikono ikamgandia hewani.

"Ukurasa wa mia tatu themanini na nane na wa mia tatu themanini na tisa," Machumu akaendelea, "ni kurasa bora kuliko zote nilizowahi kusoma katika Nchi hii. Sisemi za karne. Karne siijui. Aliyeziandika anajua uzito wa kikombe kimoja cha maji. Ninazisifu. Nimemaliza."

Taipureta ikanyamaza.

Ukumbi ulikuwa kimya hivi kwamba kila mtu aliusikia ukimya wa ile mashine. Machumu akageuka akamtazama Zamoyoni. Mikono yake ilikuwa juu ya herufi na hachapi, na uso wake uliinama kama wa mtu aliyeitwa kwa jina mahali asipotarajia. Hapo ndipo fundi alipojua kikohozi kilikuwa cha nani. Droo iliponyang'anywa kurasa zake, vidole bado vilikuwa nazo, na alipokuwa akimchapia Waziri, alivuka mfereji wa Waziri kwa kurasa mbili za kwake mwenyewe, kisha akarudi.

Mkuu wa Nchi akamgeukia Waziri. "Kapangala. Kurasa hizo umeandika wewe?"

Waziri hakujua kurasa hizo zina nini. Alijua tu kwamba zimesifiwa. "Kwa mkono wangu huu, Mkuu! Zile nyingine mia saba na kumi nilisaidiwa na kamati, sikatai. Lakini hizo mbili, zilinitoka moyoni!"

"Zisome."

Waziri akafungua kitabu chake kwa mara ya kwanza. Alianza kwa sauti ya hotuba, akiinua mkono kila mstari. Kwenye pindo la kanga mkono ukashuka. Nyuma ya masikio ya marehemu, sauti ikawa ya mtu wa kawaida. Alipofika kwa mtoto na kikombe, akasimama, akamalizia polepole kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Watu walilia. Walinzi walivua kofia. Mganga wa wilaya alikimbia huku na huko na muhuri wake, hajui la kufanya, maana yalikuwa machozi yasiyo na fomu.

*

Mheshimiwa Kapangala aliapishwa kuwa Makamu siku hiyo hiyo, kwa kurasa mbili.

Juu ya ahadi aliyopewa Machumu, Idara ilikaa kikao na kutenda haki. Makubaliano yalisema akisifu riwaya, riwaya itatolewa. Yeye alisifu kurasa mbili. Kwa hiyo ghala likatoa kurasa mbili za Zamoyoni: ule wenye jina lake na jina la kitabu, na ule mtupu unaoufuata. Zilizobaki zilikwenda kiwandani Jumatatu. Mama Chausiku alinunua trei moja ya mayai wiki ile, akakuta chini ya yai la kumi nusu ya neno. Akasema halisomeki, ila mayai yote yalikuwa mazima.

Lakini wakubwa mia tatu na kumi na mmoja waliobaki hawakuwa wajinga. Waliona njia ya kufika juu ni kurasa mbili za katikati. Mmoja baada ya mwingine walipita kwa siri kwenye meza ya Zamoyoni.

"Dada yangu," alinong'ona Waziri wa Uvuvi na Heshima, "zile kurasa za Kapangala... uchapaji wake ulikuwa mzuri sana. Yaani *uchapaji*. Na mimi nachapisha mwakani. Nichapie hivyo hivyo."

"Katikati, Mheshimiwa?"

"Katikati kabisa. Ambapo mtu hatarajii kitu."

Basi Zamoyoni akachapa. Kurasa zake zilisagwa, lakini vidole havikusagwa. Ukurasa wa kwanza na wa pili wa kitabu chake aliziweka katika riwaya ya Mkurugenzi wa Majengo, wa tatu na wa nne katika ya Kamishna wa Magereza, na kuendelea, wakubwa sitini, miaka miwili. Katika mstari wa kwanza wa kila kipande aliacha namba ya ukurasa wake halisi, na waandishi wenyewe hawakuigundua kwa kuwa hawakusoma.

Wananchi waligundua. Ghafla watu wakaanza kununua riwaya za wakubwa na kwenda nazo nyumbani, wakachana kurasa mbili, zilizobaki wakawashia jiko. Maktaba zikajaa vitabu vyenye pengo katikati. Serikali iliunda tume, na tume ilihitimisha kwamba Nchi imevamiwa na panya waliosoma. Sokoni ukasikia watu wanaulizana, "Wewe unayo ya sabini na mbili? Mimi ninazo mbili za themanini." Watu walishona vipande kwa uzi wa viroba, na juu wakaandika kwa kalamu: *Foleni, na Zamoyoni*. Nani aliwaambia jina? Idara ilichunguza. Ilibainika kwamba jina lilitolewa na Idara yenyewe, kihalali, kwa risiti, kutoka ghalani.

Machumu alikusanya kama wengine. Kurasa mbili za mwisho zilitoka katika riwaya ya Waziri wa Uvuvi na Heshima. Alizishona mahali pake. Akafunga nusu ya mlango, akasoma yote tangu mwanzo. Kisha akasoma tena.

Zamoyoni alikuja siku ya nne. Hakuleta taipureta.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Mara mbili."

"Haya."

Machumu akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Kurasa tisini za kwanza sina la kusema juu yake. Nilikuwa kwenye foleni, nimeshika ndoo. Anayeshika ndoo hana maoni." Akakikunja kitambaa. "Baada ya hapo Mwajabu anaanza kunieleza. Alipokuwa kimya nilimwelewa, dada. Akianza kueleza, namsikia Waziri."

Zamoyoni akaganda. Mama Chausiku, aliyekuwa anakanda unga na masikio yote mawili, akashindwa kujizuia.

"Machumu wewe una laana! Mtu amechapa mpaka vidole vimepinda, Nchi nzima inalia, wewe huwezi kusema 'kizuri' ukanyamaza?"

"Mwache, mama," akasema Zamoyoni.

"Nimwache? Nitampiga na mwiko huu!"

"Mwache." Uso wake ulikuwa umebadilika, na Machumu aliogopa kwamba amemuumiza, mpaka alipoona kwamba anajizuia kutabasamu na hawezi. "Ukurasa gani hasa, Fundi? Alipoanza kueleza."

"Tisini na tatu. Mstari wa tano, au wa sita."

"Wa sita," akasema Zamoyoni. "Nilijua. Siku zote nilijua ni wa sita."

Akavuta kigoda, akaketi, akatoa kalamu nyuma ya sikio.

"Endelea. Usiruke hata mmoja."